Ndege Iliyopigiwa Kura

Nchi hii usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zilichomwa zote mwaka wa kwanza wa vita, kwa kosa la kumwonyesha adui mahali nchi ilipo. Iliitwa Jamhuri ya Tambarare, nayo ilikuwa nchi kavu pande zote nne, lakini ilikuwa na Wizara ya Anga na Bahari. Mtukufu Mlezi wa Taifa alisema siku moja katika hotuba kwamba taifa lisilo na bahari haliwezi kuwa na mawazo makubwa, na kufikia Jumatatu wizara ilikuwa imeshapata jengo, waziri na wimbo.

Kusini walipakana na Bondeni. Nchi hizi mbili zilikuwa zikipigana mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya Nang'oma, kilima cha mawe matupu ambacho hakuna aliyekitaka hata siku moja mpaka mwenzake alipokitaka.

Katika wizara hiyo alifanya kazi Bi. Asumini Ndauka, mtambuzi wa ndege. Kazi yake ilikuwa kutazama picha zilizopigwa vitani na kusema: hii ni ndege ya aina fulani, ya nchi fulani, iliundwa mwaka fulani. Nchi nzima hakukuwa na mwingine. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, mfagiaji wa chumba cha picha katika uwanja wa ndege za jeshi. Chumba kilikuwa kidogo na siku ilikuwa ndefu; alimaliza kufagia saa mbili na nusu asubuhi, akabaki na picha mpaka saa tisa. Miaka kumi na moja ilipopita aliweza kutazama kivuli kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, akakuambia jina la ndege, idadi ya injini zake, na kama rubani amekunja magurudumu au amesahau. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Mtu angeweza kudhani kazi kama hiyo ni ya pembeni. La hasha. Tambarare ilikuwa na Sheria ya Vifo vya Angani, iliyosema kwamba mtu aliyeuawa na kitu kilichotoka juu hajafa mpaka Ofisi ya Utambuzi ijaze kisanduku cha saba katika fomu yake. Kisanduku kilikuwa na neno moja lililopigwa chapa, "Ndege", na mbele yake mstari mtupu wa kuandika aina na mwenye mali. Chini yake mtambuzi alitia saini na kugonga mhuri ambao kwa sheria haukushikwa na mtu mwingine yeyote.

"Taifa makini," waziri aliliambia bunge, "haliwezi kupokea vifo vya kubahatisha."

Wabunge walisimama wakapiga makofi dakika nne. Mmoja aliyetangulia kuketi hakuonekana tena kikaoni.

*

Mkurugenzi wa ofisi alikuwa Kanali Bushiri Lukuwi, mwanajeshi aliyestaafu kabla ya vita na kupata nishani zake zote baada ya kustaafu. Asubuhi moja aliingia na picha iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kalenda ya kigeni, akaiweka mezani kwa vidole viwili kama mtu anayeweka yai.

"Tambua."

Bi. Asumini akainama na kioo chake cha kukuzia. "Ni manowari ya kubebea ndege, Afande. Ni ya taifa la mbali. Na picha ni ya zamani, maana ndege hizi zilizopangwa juu ya sitaha siku hizi hazirushwi tena."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, Afande."

"Ni yetu."

Bi. Asumini akadhani ni mzaha, akatabasamu. Kanali hakutabasamu.

"Afande, sisi hatuna bahari."

"Ndiyo maana adui hatajua aitafute wapi."

Bi. Asumini alitazama ile picha, akatazama uso wa Kanali, kisha akaandika: Manowari ya kubebea ndege, mali ya Jamhuri ya Tambarare. Akagonga mhuri. Kesho yake magazeti yote mawili yaliitoa picha ukurasa wa kwanza, na shule zikafungwa ili watoto wakacheze ngoma. Manowari ikapewa jina, Ushindi wa Milele. Mwezi wa pili Bondeni, ambayo nayo haina bahari, ikatangaza kwamba imeizamisha. Tambarare ikaomboleza siku tatu, bendera nusu mlingoti. Siku ya nne ikatangazwa kwamba manowari imeibuka yenyewe kwa uzalendo.

Watu walicheka majumbani mwao, madirisha yakiwa yamefungwa. Bi. Asumini naye alicheka. Alipokuwa akigonga mhuri ule hakujisikia vibaya sana. Aliona ni karatasi tu, na meli ya kwenye kalenda haimuumizi mtu. Jambo hilo, kwamba hakujisikia vibaya, ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

Kwa maana baada ya manowari zilifuata ndege. Bondeni tangu kuumbwa kwake ilikuwa na ndege tatu za kivita, na moja kati ya hizo ilianguka yenyewe karibu na mpaka ikitafuta mahali pa kutua. Wapiga picha wa jeshi waliipiga picha mbele, nyuma, kushoto, kulia, jua likichomoza na jua likizama, na kila picha ililetwa kwa Bi. Asumini kama ndege mpya iliyotunguliwa. Akagonga mhuri. Mpaka Siku ya Mashujaa inafika, Tambarare ilikuwa imetungua ndege arobaini na moja. Mtukufu Mlezi akapanda jukwaani, akainua mkono wenye saa mbili, akasema:

"Leo nawatangazia kwamba Bondeni haina ndege hata moja. Anga yote ni yetu. Mwananchi akiona kitu chochote kinaruka juu yake, na atabasamu!"

*

Wiki tatu baada ya hotuba hiyo, Jumatano saa nne asubuhi, wakati wa gulio, kitu kiliruka juu ya soko la Mikukuyuni.

Picha iliifikia ofisi Jumatatu ya pili. Haikupigwa na jeshi. Aliyeipiga alikuwa fundi picha wa pale sokoni, ambaye alikuwa akimpiga picha mteja mmoja aliyenunua baiskeli mpya na kutaka ukumbusho. Mteja amesimama ameshika usukani, kifua mbele, meno yote nje. Nyuma yake ni vibanda vya nyanya na mitumba. Na juu ya kichwa chake, chini kabisa, karibu kuligusa paa la mashine ya kusaga, ndege. Na chini ya tumbo la ndege vitu viwili vyeusi vilivyokwisha kuachiwa. Fundi picha alikuwa ndani kwa kosa la kupiga picha anga bila kibali. Mwenye baiskeli alikuwa miongoni mwa watu sitini na watatu waliofia palepale.

Bi. Asumini hakuhitaji kioo. Tambarare ilikuwa na ndege sita za aina ya Kipanga, na namba nne iliwahi kutua kwenye shamba la mahindi ikavunja mkia. Mafundi wa karakana walikosa bati laini, wakaiziba kwa kipande cha bati la kuezekea nyumba, lile lenye migongo. Yeye mwenyewe alikichora kiraka hicho katika jalada lake, akaandika na vipimo. Sasa kilikuwa pale, mkiani, upande wa kushoto, migongo yake minne ikionekana wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Aliiweka picha kifudifudi. Akaigeuza tena. Kiraka kilikuwepo.

Mtu akagonga dirishani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amesafiri siku mbili nyuma ya lori la mchanga. Alijitaja kuwa ni Somoe Likwata wa Mikukuyuni, akasalimia vizuri, akauliza hali ya watoto na ya kazi, kama mtu asiyetaka kuonekana amekuja kwa shida.

"Karibu, dada," Bi. Asumini alisema. "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya binti yangu, Sikujua. Ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa anauza dagaa pale sokoni." Akakaza kanga yake. "Ninaomba mnisaidie, mama. Ninaomba mwanangu afe."

"Unasemaje?"

"Afe, kama wafu wengine. Mimi nimeshamzika. Nilimzika Alhamisi, maana jua la kwetu unalijua. Sasa mtendaji wa kijiji anasema Sikujua hajafa, cheti hakina ndege. Kila asubuhi anakuja kumwita kwenye msaragambo akabebe mawe ya barabara. Nikimwambia yuko kaburini, anaandika: mtoro. Na mimi nimeshtakiwa." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. "Soma mwenyewe. Kumzika raia akiwa hai."

Bi. Asumini akasoma. Ilikuwa hivyohivyo, na mhuri wa mahakama chini.

"Dada Somoe," alisema, "ndege yenyewe mliiona?"

"Tuliiona. Mwanangu aliipungia mkono. Si tuliambiwa tutabasamu?"

*

Kanali Lukuwi aliposikia habari ya kiraka aliinuka akafunga mlango, akafunga na pazia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, Afande."

"Basi hujaniambia." Akakaa, akapangusa nishani zake moja baada ya nyingine kwa kitambaa. "Hili ni kubwa. Hili linahitaji kamati."

Kamati ya Taifa ya Mwonekano ilikutana Alhamisi. Walikuwa wajumbe tisa, na waziri ndiye mwenyekiti. Picha ilikuzwa mpaka ikaenea ukuta mzima, hata meno ya yule mwenye baiskeli yakawa makubwa kama matofali. Bi. Asumini alipewa kiti karibu na mlango, kama mtaalamu, asiye na kura.

"Tuanze na yaliyo wazi," waziri alisema. "Bondeni haina ndege. Mtukufu Mlezi amesema. Kuna mjumbe mwenye shaka?"

Wajumbe walitazama meza.

"Na ndege zetu haziwezi kupiga watu wetu, kwa sababu ndege zetu kazi yake ni kuwalinda watu wetu. Kuna mwenye shaka?"

Hakuna.

"Basi hii si ndege ya Bondeni wala si ndege ya Tambarare. Ndugu wajumbe, tunaona nini?"

Bi. Asumini akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mkiani kuna kiraka cha bati. Ni Kipanga namba nne. Jalada ninalo hapa."

"Mtaalamu atajibu akiulizwa," alisema waziri, na hakumwuliza.

Mjumbe wa viwanda alisimama. Alisema yeye, kwa macho yake, anaona baiskeli. Ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote pichani, na ni haki ya mwananchi kuuliza kwa nini kamati inaacha kitu kikubwa na kuhangaika na kidogo. Kwa dakika arobaini kamati ikajadili baiskeli. Ilisifiwa kengele yake. Iliamuliwa kwamba imetengenezwa nchini, ingawa jina la kiwanda cha nje lilisomeka kwenye fremu. Bi. Asumini alimtazama yule mtu anayecheka ukutani, ambaye wakati ule alikuwa na pumzi tatu au nne tu zilizobaki.

Hapo ndipo aliposimama profesa wa lugha, mzee msafi mwenye tai ya hariri.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tatizo letu ni la kisarufi. Fomu ya serikali inasema 'Ndege'. Haisemi ndege hii. Haisemi ndege huyu. Kama ni ndege hii, ni chombo. Lakini kama ni ndege huyu, ni kiumbe chenye manyoya. Serikali katika hekima yake iliuacha mlango wazi. Mimi naona mabawa. Naona mkia. Naona tumbo. Nathubutu kusema, huyu ni korongo."

Chumba kikajaa furaha. Watu wazima wenye familia walishikana mikono. Waziri aliita kura. Wajumbe tisa walipiga kura kumi, maana mmoja aliinua mikono yote miwili.

Mwanasheria wa wizara alileta kikwazo kidogo. Alisema ndege wote wa porini kwa sheria ni mali ya Idara ya Wanyamapori, na Idara ni ya serikali, kwa hiyo tukisema korongo bado tunarudi kwetu. Furaha ikapungua. Lakini profesa hakuwa ameketi.

"Mhamiaji," alisema. "Korongo mhamiaji. Mzaliwa wa Bondeni."

Walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini.

"Na watu sitini na watatu?" Bi. Asumini aliuliza. Hakunyoosha mkono safari hii, alikuwa amesimama.

Waziri alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto mgumu wa kuelewa.

"Mama," alisema, "korongo ni ndege mkubwa sana."

*

Fomu sitini na tatu zilipangwa mezani kwake Ijumaa asubuhi. Kanali mwenyewe alizileta, pamoja na karatasi ya mfano: Ndege, korongo mhamiaji. Mwenye mali, Bondeni.

"Zikamilike leo. Watu wanateseka, Bi. Asumini. Tuwasaidie wafe."

Kisha akaondoka na wizara nzima kwenda kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, ambako walisherehekea manowari kutimiza mwaka mmoja. Ofisini alibaki yeye peke yake na foleni, kwa maana watu wa Mikukuyuni walikuwa wamefika wengine, wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta.

Alijaza ya kwanza. Hilo tulisimulie kama lilivyokuwa, kwa maana yeye mwenyewe hakulificha baadaye: alijaza ya kwanza kama alivyoagizwa, kwa mwandiko wake mzuri, akagonga mhuri, akaipitisha dirishani kwa Somoe Likwata. Alijiambia kwamba mwanamke huyu anataka cheti tu, na kesi yake ifutwe, na mtendaji asimbishie hodi.

Somoe alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kisanduku cha saba kidole kilisimama.

"Mama, hii umeisoma?"

"Nimeiandika mimi, dada."

"Korongo?"

Bi. Asumini akavuta fomu ya pili.

"Mwanangu nilimwosha mimi," Somoe alisema. Hakupaza sauti. "Mguu mmoja tuliupata kwenye kibanda cha muuza chumvi. Mwingine hatukuupata. Wewe unajua korongo. Mimi najua korongo, wanakuja mashambani kwetu kila mwaka kula panzi. Sasa unitazame usoni uniambie. Korongo?"

Bi. Asumini alimtazama usoni. Alitamani mwenzake atukane, ateme mate dirishani, afanye lolote ambalo mtu angeweza kulikasirikia. Somoe alingoja tu, kama mtu aliyeuliza njia.

"Lete hiyo karatasi," alisema Bi. Asumini.

Akaichana vipande viwili, kisha vinne. Akachukua fomu mpya. Akaandika: Kipanga ya kivita, namba nne, mkia umezibwa kwa bati la kuezekea. Mwenye mali, Jeshi la Anga la Jamhuri ya Tambarare. Akatia saini. Akagonga mhuri kwa nguvu hata wino ukaruka ukamwingia kwenye miwani.

Somoe alisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kifuani, akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili.

"Kumbe ni yetu," alisema.

"Ni yetu."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Sijui. Mwite anayefuata."

Kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri aliandika. Kila mmoja aliyefika dirishani aliulizwa jina la marehemu, umri, na alikuwa akiuza nini, ingawa fomu haikuwa na mahali pa kuandika biashara. Wengine walilia, baba mmoja wa mapacha alicheka kicheko kibaya akashindwa kukinyamazisha. Walipoisha, fomu kumi na nne hazikuwa na mtu wa kuzichukua, kwa kuwa familia zilikwisha pamoja. Alizijaza hizo pia, akazikabidhi kwa Somoe.

*

Kanali Lukuwi alirudi kutoka bwawani na tope kwenye suruali. Alipoelewa kilichotokea alikaa sakafuni.

"Futa," alisema. "Tutaandika nyingine. Futa."

"Cheti kilichogongwa mhuri hakifutwi, Afande, ila kwa fomu ya kubatilisha."

"Jaza hiyo fomu!"

"Inahitaji saini ya mtambuzi yuleyule aliyegonga mhuri."

"Si ndiye wewe!"

"Ndiye mimi," alisema Bi. Asumini, akaanza kukusanya vitu vyake, kikombe na kandambili za ofisini, kwa maana alijua hatarudi.

Walimweka siku kumi na saba katika jengo lisilo na namba, na kila siku waliweka fomu ya kubatilisha mbele yake, na kalamu mpya. Walimnyima maji. Walimvunja kidole kimoja, cha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia walikuwa bado wanauhitaji kwa saini. Waziri alikuja mwenyewe akamwambia kwamba amelivunjia heshima jeshi na kuuvunja moyo umma.

"Nani amekudanganya kwamba watu wanataka ukweli?" aliuliza. "Watu wanataka amani."

"Binti wa mtu alikipungia mkono kile kitu," alisema Bi. Asumini, midomo imepasuka. "Kwa sababu nyinyi mlimwambia atabasamu, na mimi ndiye niliyewapigia mhuri. Toka mbele yangu."

Mashtaka yalimsumbua mwendesha mashtaka, kwa sababu hakuweza kutaja siri iliyofichuliwa bila kuifichua. Mwishowe alimshtaki kwa kuvujisha habari za kijeshi kwa marehemu. Hakimu aliona marehemu sitini na watatu hawakuja kukanusha, akampa miaka tisa.

Mikukuyuni, kesi ya Somoe ilifutwa, maana Sikujua alikuwa amekufa kwa mhuri halali. Mtendaji alimfuta kwenye daftari la msaragambo. Siku ya gulio watu walivibandika vyeti vyao kwenye nguzo za vibanda vilivyosalia. Askari wakaja wakavibandua. Gulio lililofuata vilikuwepo tena, vimenakiliwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, wakavibandua. Gulio la tatu vilikuwa vimeandikwa kwa mkaa kwenye kuta, majina yote, na chini ya kila jina: Kipanga, namba nne. Ukuta hauna namna ya kubanduliwa. Wakaubomoa. Watu wakahamia ukuta mwingine.

*

Mkuu wa gereza la wanawake alikuwa Afande Nambela, mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kumwita mfungwa kwa jina. Mwezi wa kwanza alimtangazia Bi. Asumini mbele ya wenzake kwamba ni msaliti, akampangia kuponda kokoto. Miezi mitano Bi. Asumini aliponda kokoto, kidole kibovu kimefungwa kitambaa, na Afande Nambela hakusimama karibu naye hata mara moja.

Mwezi wa sita, mchana wa Jumapili, alimwita ofisini. Akamwamuru askari aliyekuwa mlangoni atoke. Akabaki amesimama, mgongo dirishani.

"Kaa," alisema.

Bi. Asumini akakaa.

Afande Nambela alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa picha ndogo iliyokunjika katikati, akaiweka mezani akaisukuma kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya uwanja wa shule. Mlingoti wa bendera, watoto wamepanga mstari, mwalimu amegeuka anatazama juu. Na pembeni, nusu yake tu imeingia pichani, ndege.

"Mdogo wangu," Afande Nambela alisema. "Huyo mwalimu. Nimeletewa cheti jana. Kimeandikwa korongo." "Sasa hivi ofisini kwako wameweka mtu mwingine. Wanasema ni profesa."

Bi. Asumini aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga. Alitazama bawa, mahali linapoungana na kiwiliwili. Alitazama matundu ya injini, akayahesabu, akahesabu tena. Alitamani kwa moyo wake wote yawe matundu mengine.

"Ni Kipanga, Afande. Ni mojawapo ya zile sita. Siwezi kusema namba, mkia haukuingia. Lakini ni yetu."

Afande Nambela alivuta kiti akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza mfungwa kumwona ameketi. Nje wanawake waliendelea kuponda mawe, mapigo yao hayalingani.

"Una uhakika?"

"Ningependa nisiwe nao."

Mkuu wa gereza akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe na kalamu. Aliziweka mbele ya Bi. Asumini, kisha mkono wake ukabaki juu ya karatasi, haujaiachia.

"Lakini mhuri huna," alisema.

"Sina. Nitaandika kwa mkono." Bi. Asumini akavuta karatasi taratibu mpaka mkono wa mwenzake ukatoka juu yake. "Anaitwa nani?"

Afande Nambela akavua kofia yake. Akalitaja jina la mdogo wake, sauti ikamkatika katikati. Akalirudia tena kuanzia mwanzo, herufi kwa herufi, ili lisikosewe.